Eti Mfumo Umezidiwa

Nimekuwa kimya wiki tatu, mtanisamehe. Mafunzo kwa vitendo yamekwisha juzi tu, ripoti bado, na bwenini kwetu maji hakuna tangu Jumatatu. Lakini siyo hayo yaliyonirudisha hapa. Leo nina hasira, na hasira yenyewe ni ya neno moja: umezidiwa.

Mnalijua. Unakwenda dirishani kuulizia matokeo yako, unaambiwa mfumo umezidiwa. Unataka kujisajili masomo ya muhula, mfumo umezidiwa. Linasemwa kwa upole kabisa, kama mtu anayekupa pole ya msiba, nawe unaondoka umeinamisha kichwa kana kwamba kosa ni lako kwa kuwa na shida siku moja na wenzako. Jana nimelisikia tena, kutoka kwenye ofisi ambayo mimi mwenyewe nimefanya kazi, na najua kwa hesabu kwamba siyo kweli. Ndiyo maana naandika.

Wakati wa udahili wa 2024 nilipata kibarua cha kupokea simu kwenye ofisi moja inayowasaidia vijana wanaoomba vyuo. Jina naliacha, bado nahitaji kula mjini hapa. Tulikuwa wanafunzi sita kwenye chumba kimoja, kila mmoja na kompyuta yake na hedifoni zilizofungwa gundi. Simu zilikuwa za intaneti. Kwenye kona kuna seva moja yenye memori ya GB 8, ndani yake Linux, na juu ya Linux programu inayoitwa Asterisk. Kwa wasioijua, Asterisk inaigeuza kompyuta ya kawaida kuwa mtambo wa simu. Aliianzisha Mark Spencer mwaka 1999, akiwa bado mwanafunzi wa Auburn kule Alabama, kwa sababu kampuni yake changa ilihitaji mtambo wa simu na bei za mitambo ya wakati ule zilikuwa siyo za mfuko wake. Akaandika wa kwake, akautoa bure, na msimbo wake uko wazi mpaka leo kwa anayetaka kuusoma. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba mambo haya ni siri ya wakubwa.

Seva ilishika simu 60 kwa mpigo. Sisi tuko sita. Laini zikijaa, watu sita wanaongea na 54 wanasikiliza muziki wa kusubiri. Mwezi mzima mambo yalikuwa shwari, simu nne, tano hivi kwa wakati. Kisha ikaja wiki ya mwisho ya maombi.

Saa 2 asubuhi tunafungua laini, dakika chache zote 60 zimejaa. Saa 4 kasorobo, kimya. Simu zote zinakatika kwa pamoja. Unakuwa katikati ya kumweleza binti wa watu jinsi ya kusahihisha namba yake ya mtihani, mara unaongea peke yako kama kichaa. Asterisk inajiinua yenyewe, simu zinaanza kuingia, dakika mbili tatu inaanguka tena. Ndipo bosi anatoka ofisini kwake: "Zimeni, muwashe." Seva inazimwa, inawashwa, inakuwa nzima kama imetoka dukani leo. Tunapiga makofi. Saa 5 na nusu, kimya tena. Siku tatu hivyo hivyo, na ajabu ni kwamba saa zenyewe hazikubadilika! Mimi ni mtoto wa hisabati, na kitu kinachokufa kwa ratiba kinanisumbua. Kinachozidiwa na watu kingekufa ovyo ovyo, leo saa tatu, kesho saa nane. Hiki kilikuwa na saa yake.

Kuna mama alinipata siku ya tatu. Akaniambia, "Mwanangu, nimeuza kuku nikaweka vocha, nimesikiliza nyimbo nusu saa ikakatika. Nimekopa nyingine, ikakatika. Sasa wewe ni mtu kweli au nyimbo tena?" Nikasema, mimi ni mtu, mama, shikamoo. Kabla hajaitikia, ikakatika.

Mchana ule kikao. Bosi ana maelezo matatu, na yote matatu mnayajua. La kwanza, wananchi wanapiga mno. La pili, memori haitoshi, inunuliwe nyingine. La tatu, fundi ni mzembe. Fundi wetu alikuwa kijana wa mkataba wa miezi mitatu, mpole, yeye ananiita mwalimu kwa sababu nasoma ualimu, mimi namwita kaka. Alikaa amekunja mikono, hakujibu. Siku ya pili alikuwa ameambiwa aikinge Asterisk isiuawe, akaikinga kweli, ikauawa hifadhidata badala yake, tukabaki na simu zinazolia bila kujua ziende kwa nani.

Nimeandika "isiuawe" na siyo kwa mbwembwe. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Memori ikiisha kabisa kwenye Linux, kerneli hailii, inachagua programu moja na kuiua ili nyingine ziishi. Inachaguaje? Kwa sehemu kubwa inaangalia nani ameshika memori nyingi. Inaandika jina lake kwenye daftari lake, na ukiandika amri ya dmesg unalikuta: Out of memory, halafu jina la marehemu. Kwetu lilikuwa asterisk, kila mara. Bosi akasema, basi mmeona, Asterisk ndiyo inayokula memori. Jamani! Aliyeuawa ndiye mwizi? Muuaji kachagua mnene kuliko wote waliokuwa chumbani, basi.

Siku ya nne nikamwambia kaka fundi, leo ikianguka usiizime, nipe dakika kumi. Akasema bosi atatuua sisi. Nikasema bosi huenda kunywa chai saa 4 kasorobo.

Tulianza mapema, tangu saa 2. Kila robo saa tukaandika kwenye karatasi mambo mawili: simu ziko ngapi, na Asterisk imeshika memori kiasi gani. Watu wengi kwenye mtandao wanasema Asterisk "inavuja", yaani inachukua memori na kusahau kuirudisha. Inawezekana, imewahi kutokea kwenye matoleo fulani. Lakini kuvuja kuna tabia yake: kunapanda na hakushuki, simu ziwepo zisiwepo. Yetu ilifika karibu MB 600 laini zilipojaa, na saa 3 na nusu ilikuwa bado hapo hapo kwenye 600. Haikuwa inavuja. Tukajumlisha programu zote zilizokuwa zinakimbia, Asterisk, hifadhidata, kurasa za wahudumu na vidogo vidogo: GB 1.6. Mashine ya GB 8, ambayo kerneli inaiona kama 7.6 hivi. Kutoa kwa darasa la tatu: GB 6 ziko wapi?

Hapa lazima nijiseme mwenyewe, maana nimeshawasema wengine. Niliangalia amri ya free, nikaona namba kubwa imekaa kwenye safu ya buff/cache, nikatangaza kwa sauti ya mhadhiri: "Hiyo ni kache tu, Linux inatumia memori iliyolala bure kuhifadhi mafaili, ikihitajika inairudisha." Nilikuwa nimeisoma mahali. Ni kweli, mara nyingi. Siku ile ilikuwa uongo, na safu ya pembeni yake, available, ilikuwa inaniambia wazi kwamba zimebaki MB mia mbili na kidogo. Kerneli ilianza kutoa hesabu hiyo mwaka 2014 hasa kwa sababu watu kama mimi walikuwa wanajumlisha vibaya. Na kulikuwa na safu nyingine, shared, imevimba karibu GB 6. Zote mbili nikaziruka kwa sababu tayari nilikuwa na jibu.

Kaka fundi hakunijibu. Akaandika df -h, akanisogezea skrini. Folda ya rekodi za simu haikuwa kwenye diski. Ilikuwa kwenye memori yenyewe! Linux ina kitu kinaitwa tmpfs, folda inayoonekana kama folda nyingine yoyote lakini vilivyomo vinakaa kwenye RAM. Hesabu yake inaingia kwenye kache, ila hairudishwi, kwa sababu ni mafaili ya watu, kerneli haina ruhusa ya kuyatupa.

Historia yake tuliipata kwa mfanyakazi wa zamani pale. Diski ya awali ilikuwa inakaribia kufa, sauti zikawa zinakwaruza, fundi wa wakati huo akazihamishia rekodi kwenye memori "kwa wiki moja", na kila usiku zinahamishwa kwenda diskini. Diski ikabadilishwa. Wiki moja ikawa mwaka na miezi. Na kwa wema akaipa folda ruhusa ya kukua hadi asilimia 100 ya memori. Angeiacha bila kuigusa, Linux huipa nusu tu. Rekodi zingegoma lakini simu zingeishi.

Sasa chukueni kalamu, maana hapa ndipo penye utamu. Sauti ya simu hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, na kwenye faili la wav la kawaida kila kipimo kinachukua baiti mbili. Baiti 16,000 kwa sekunde. Dakika moja ni kama MB 0.96. Simu 60 kwa saa moja ni MB 3,456. Memori iliyobaki wazi asubuhi ilikuwa GB 6. Gawanya. Saa moja na dakika 44. Tumefungua saa 2. Haya, niambieni saa ngapi tunakufa!

Na siku za kawaida? Simu tano ni MB 288 kwa saa, siku nzima ya saa nane haifiki hata GB 2.4, usiku folda inasafishwa. Ndiyo maana mwezi mzima hakuna aliyejua.

Bado sijafika kwenye kilichonivunja mbavu. Amri ya kurekodi ilikuwa imewekwa kabla ya foleni. Simu ikiingia, inaanza kurekodiwa hapo hapo, mhudumu awepo asiwepo. Kati ya simu 60, sita ndizo zenye maongezi. Nyingine 54 zilikuwa zinarekodi muziki wa kusubiri! Memori ya seva ile ilijaa nyimbo, bwana, wimbo mmoja ule ule mara hamsini na nne, kwa ubora kamili, saa nzima. Halafu tunawaambia akina mama waliouza kuku kwamba wao ndio wamezidi.

Ndipo nikaelewa kwa nini zima-washa "ilikuwa inaponya". Kerneli ikiiua Asterisk inapata MB 600, folda haiguswi, Asterisk inarudi, laini zinajaa, inachukua MB 600 zake, inauawa tena. Ukizima mashine nzima, kila kilichomo kwenye memori kinapotea, folda inaanza sifuri. Umepona! Na rekodi zote za asubuhi ile zimekwenda na maji, zile ambazo tunawaambia watu "simu hii inarekodiwa kwa ajili ya kuboresha huduma". Na ushahidi wote umekwenda nazo. Hili ndilo ninalowalaumu watu wa zima-washa. Siyo kwamba wanawasha upya. Mtu akiwa hewani na wateja 60 siwezi kumwambia akae akitafakari. Nawalaumu kwa kumzika marehemu kabla daktari hajafika, kisha kuandika kwenye cheti kwamba alikufa kwa uzee. Dakika moja inatosha: andika majibu ya free, df, ps na dmesg kwenye faili, faili liwe diskini, halafu zima hata mara mia.

Na wale wa "ongeza memori" je? Tukaipiga hesabu yao pia, kwa heshima. Mashine ya GB 16 ingekuwa na GB 14 wazi, na folda ile yenye ruhusa ya asilimia 100 ingezila zote kwa saa nne na dakika chache. Kifo kingehama kutoka saa 4 kasorobo kwenda saa 6 mchana. Pesa nzuri, kununua saa mbili na robo za muziki.

Najua kuna msomaji anasema, lakini mwalimu, si kweli kwamba watu walikuwa wengi? Kweli. Simu zisingejaa, tatizo lisingeonekana. Na kuwaweka wahudumu sita kwa laini 60 ni dhambi nyingine yenye ukurasa wake. Lakini wingi wa watu peke yake haujazi memori. Kinachoijaza ni unachokishika kwa ajili ya kila mtu, na muda unaokishika. Kantini yetu hapa chuoni inalisha watu kibao kila mchana bila neno. Siku inayoshindikana ni ile ambayo yule dada wa kuondoa sahani hajaja. Hakuna anayetoka pale akisema wanafunzi wamekula mno.

Halafu linanirudia mimi na wenzangu wa ualimu. Kwenye mazoezi ya kufundishana darasani, mwaka wa pili, somo langu la kwanza lilikuwa hilo hilo. Nikaandika ubaoni: RAM ni kumbukumbu ya muda, vilivyomo hupotea umeme ukizimwa. Wakaiandika, nikawauliza, wakairudia, nikapata alama nzuri. Sentensi ile ile ndiyo iliyokuwa jibu la tatizo letu la siku nne, nami niliikariri tangu kidato cha kwanza, na haikunijia kichwani hata mara moja nilipokuwa naangalia mashine inapona kwa kuzimwa. Tunafundisha maana ya kitu, mtihani unauliza maana ya kitu. Hatumpi mtoto mashine inayokufa saa 4 kasorobo tukamuuliza kwa nini.

Marekebisho yenyewe yalichukua dakika ishirini, bosi akiwa bado kwenye chai. Kaka fundi akaongeza herufi moja, b, kwenye amri ya MixMonitor, maana yake hifadhi sauti pale tu mpigaji anapounganishwa na mhudumu. Akabadili rekodi ziwe za gsm, ambazo ni karibu sehemu ya kumi ya wav. Akairudisha folda diskini. Akawasha upya, ndiyo, mara ya mwisho. Kesho yake saa 4 kasorobo sote sita tulikuwa tunaangalia saa ya ukutani huku tunaongea na watu. Ikapita. Ikafika saa 5 na nusu, ikapita. Jioni memori iliyobaki ilikuwa karibu ile ile ya asubuhi. Nilimtafuta yule mama kwenye orodha ya simu nikampigia mwenyewe. Dirisha la mwanawe lilikuwa limefungwa usiku uliotangulia.

Mngedhani kisa kimeishia hapo. Wiki mbili baadaye ripoti ya ofisi ikatoka, ikapitia mezani kwetu kwa sahihi. Imeandikwa: mfumo ulizidiwa kutokana na wingi wa waombaji, inapendekezwa kununua seva kubwa zaidi. Hakuna neno rekodi, hakuna neno muziki, hakuna hata namba moja. Nikauliza kwa adabu zote kama naweza kuongeza aya. Nikaambiwa, "Wewe ni wa kupokea simu." Mkataba wa kaka fundi haukuongezwa, sababu: kushindwa kudhibiti mfumo. Mnaona walivyofanana na kerneli yao? Memori imejaa nyimbo, anauawa aliyekuwa anafanya kazi.

Seva kubwa zaidi ilinunuliwa. Rafiki yangu aliyebaki pale ananiambia fundi mpya hakuanza upya, alinakili mpangilio wa zamani kutoka kwenye nakala ya akiba, nakala ya kabla ya marekebisho yetu. Kwa nini asinakili? Ripoti haikumwambia kulikuwa na kosa lolote la kuogopa.

Jana wametoa tangazo: wananchi wavumilie, mfumo umezidiwa.

Nimempigia kaka fundi, siku hizi yuko nyumbani kwao anatengeneza simu za mkononi kwenye kibanda. Alicheka sana. "Mwalimu, waambie waandike df tu." Nimewaandikia barua pepe jana hiyo hiyo, nikaweka hesabu zote. Hawajajibu. Leo asubuhi nikaona nipige kabisa, kama mwananchi. Nimesikiliza muziki dakika kumi na nane, wimbo ni ule ule. Ilipokatika nikaangalia saa: saa 6 na dakika tatu.